Ngozi ya Nyota, Basi la Inyonga

Siku mliyoniaga pale karakana, mkiwa mmenivisha shati la kitenge linalonibana kwapa, mmoja wenu alinyoosha kidole kwenye ile picha ya juu ya mlango wa stoo. Akauliza kwa nini basi lile jeusi lina doa jeupe usoni kama ng'ombe. Mwingine akamjibu kwamba labda rangi iliisha. Nilinyamaza kwa heshima ya pilau. Rangi haikuisha, bwana. Sijawahi kuishiwa rangi katikati ya kazi, na mwenye ushahidi tofauti aje nikiwa bado hai.

Basi naandika, maana siku hizi mnabandika stika zilizochapwa kwa mashine, na basi la Mpanda ukilikuta Mbeya hulitambui kwao ni wapi. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuwa viwili, tajiri na sisi, na mshahara kila mtu anajua ulivyokuwa. Nitaandika habari za ng'ombe.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Kasokola, ambako nilikuwa napiga rangi majeneza na vibao vya maduka. Tajiri wetu, Mzee Lubango, alikuwa Msukuma aliyehamia Mwamkulu na mifugo yake akitokea upande wa Meatu. Kampuni yake ya mabasi ilikuwa na jina refu la usajili, lakini mji mzima uliiita Zizi. Karakana ilikuwa Makanyagio, uwanja wenye ukuta wa matofali upande mmoja na nia ya kujenga ukuta pande tatu zilizobaki.

Nilifika na brashi zangu kwenye mfuko wa rambo, nimejiandaa kuulizwa kama najua kupuliza rangi kwa kompresa. Sikuulizwa. Tajiri alinipakia nyuma ya baiskeli yake, akanipeleka Mwamkulu zizini, akanisimamisha mbele ya ng'ombe jike mweusi.

"Mwangalie huyu," alisema.

Nikamwangalia. Naye akaniangalia, anacheua.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mzee."

"Haya, fumba macho. Nyota ya usoni imeegemea jicho gani?"

"La kushoto."

"Kesho uje kazini," akasema.

Nilidhani nimeajiriwa na mwendawazimu, mpaka nilipoelezwa. Mzee Lubango alipata mabasi yake kwa kuuza ng'ombe. Kila alipouza kundi, kulikuwa na mmoja kati ya waliouzwa ambaye roho ya mzee ilikataa kumwachia. Basi lililonunuliwa likapewa jina la ng'ombe huyo, na likapigwa rangi ya ngozi yake. Bibi, basi la Sumbawanga, alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe pajani. Kanga, basi la Karema kule ziwani, alikuwa na madoadoa meusi na meupe kama kanga wa porini. Na yule mweusi niliyeonyeshwa alikuwa anauzwa wiki ileile, ili awe basi la Inyonga. Ndiye Nyota. Alikuwa kazi yangu ya kwanza.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani, mnyoosha bodi wa Tabora, mtu mwembamba aliyezungumza na bati zaidi kuliko na watu. Aligonga kwa nyundo ya mpira huku ametega sikio, na bati likimjibu vibaya alilitukana kwa sauti ya chini. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Rangi haifichi bonde, inalitangaza." Kwa hiyo kabla ya kugusa rangi nilipiga msasa wa maji mpaka kucha zangu zikawa fupi bila mkasi. Puti ya kuzibia mabonde tulipaka nyembamba, kwa sababu barabara ya Inyonga ilibandua puti nene kama ganda la yai lililochemshwa. Kwenye kingo za madoa hakukubali brashi ya dukani. Alitumia ya kwake, ya nywele za mkia wa ng'ombe zilizofungwa kwa waya kwenye kijiti cha mninga.

"Doa la ng'ombe halina mstari, Kalisto," aliniambia. "Lina manyoya. Ukilikata kwa rula umechora ramani."

Lakini mkaguzi wetu wa kweli alikaa stendi. Pale palikuwa na benchi la Mama Tatu, muuza maandazi, na juu yake alikaa karibu kila siku Baba Oliva, fundi nguo ambaye cherehani yake ilikuwa jirani tu na haikumwona mara nyingi. Hao wawili ndio waliokuwa bunge la mabasi la Mpanda. Hawakuwa na safari yoyote. Walikaa kujadili nani kafungwa springi mpya, nani kabadilishiwa honi, na nani anaendeshwa kama mkokoteni. Baba Oliva alijua umri wa kila chesisi, na alikuwa tayari kuutetea hata kama sio wenyewe. Mama Tatu hakuangalia kabisa. Alisikiliza, macho yake kwenye karai.

"Kanga huyo anaingia," alisema, hata vumbi halijaonekana.

"Bibi huyo," Baba Oliva akapinga. "We sikia gia."

"Bibi anakohoa kabla ya kona. Huyu hakohoi."

Akaingia Kanga. Baba Oliva akasema basi watakuwa wamembadilishia gia bila kumtaarifu.

Tulipotoa basi karakana hatukuogopa polisi, tuliogopa benchi. Kuna siku tulimfunga Bibi bampa jipya la chuma, na Baba Oliva akatoa hukumu kwamba anafanana na kikongwe aliyeazima meno. Ilibidi tulitoe. Mama Tatu alimtetea Bibi hadi mwisho, akisema ng'ombe hazeeki maini, na injini ile haina mpinzani kwenye mlima.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Abiria hawakusoma kibao. Mkulima wa Kasokola akisimama njiani na gunia lake alitazama ngozi, akajua kama ni gari lake au aendelee kukaa kivulini. Hata waliojua kusoma hawakujisumbua.

Katikati ya muongo ule likaja basi la kampuni moja ya mbali. Lilikuwa jipya, jeupe, lenye mistari ya buluu iliyopita ubavuni kutoka taa za mbele hadi za nyuma, na viti vya kitambaa. Mji ulitoka kulitazama. Hata Mama Tatu aliinua macho, na maandazi yakaungua. Mzee Lubango alilizunguka, akarudi karakana na uso wa mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Tunaonekana washamba," alisema. "Wenzetu wanaendesha mabasi, sisi tunaswaga mifugo. Nataka yote yawe meupe, mistari ya buluu. Yafanane kama wanafunzi."

Alinunua na viti vya sponji, akang'oa vile vya mbao, na kwa hilo hakuna makalio yaliyolalamika. Lakini kwenye rangi Mzee Shabani alimwuliza, "Na Nyota pia?"

"Na Nyota pia."

Mzee Shabani akaifunga brashi yake ya mkia kwenye kitambaa, akachukua utepe wa gundi wa kuzibia mistari. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye kisu. Mimi, kusema kweli, mistari ile niliipenda. Ilinyooka. Nilipomaliza basi la tatu nilivuka barabara nikayatazama yote yamepangwa sambamba, nikajiona mhandisi. Mama Tatu alikuja na unga mikononi, akayazunguka pole pole.

"Mmewachuna," alisema, akarudi kwenye karai lake.

Sasa, wakati huohuo kulikuwa na jambo la Masunga. Huyu alikuwa mtoto wa tajiri na dereva wa Nyota. Kila alipofika Inyonga alisimamisha basi mbele ya nyumba ya Mzee Matayo, Mkonongo mrina asali, akasimama kwa muda mrefu kuliko injini ilivyohitaji. Binti wa nyumba ile, Selina, aliwauzia abiria asali. Masunga alinunua asali mpaka karakana nzima ikachoka na utamu. Mzee Matayo hakutaka kusikia habari za Wasukuma, watu aliosema wanaingia msituni na ng'ombe wao kama mafuriko. Washenga walikwenda, wakarudi, wakaenda tena, mpaka hatimaye akakubali kupokea wazee siku moja, mara moja.

"Wasipotokea siku hiyo," alituma neno, "nitajua wamenidharau. Selina ataolewa Tabora."

Masunga alikonda. Alikuwa kijana wa kunyanyua tairi la akiba peke yake, na wiki ile alishindwa kumaliza andazi moja.

Siku ikafika. Mwoaji haendi kujiposea, kwa hiyo Masunga alibaki nyumbani na Nyota akapewa dereva wa zamu. Wazee waliongozwa na Mzee Ngusa, kaka mkubwa wa tajiri, aliyebeba jembe jipya la posa lililofungwa kwenye kanga. Mzee Ngusa alikuwa mtu wa zizi. Alijua njia ya Mwamkulu hadi Mpanda mjini, na zaidi ya hapo aliiachia dunia ijijue yenyewe. Tajiri alimwambia maneno yaleyale tuliyomwambia kila mtu miaka yote: "Kaka, panda Nyota."

Pale stendi yalisimama mabasi matatu meupe. Mzee Ngusa akatafuta mweusi mwenye nyota, hakumwona. Vibao vya mbele vilikuwepo, nimeviandika mwenyewe kwa herufi nzuri sana, lakini Mzee Ngusa hakuwahi kusoma kitu kisicho na miguu minne. Akaenda kwenye basi ambalo dereva wake alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaona huyu ni wa kwetu, akapanda na wazee wake. Lilikuwa Kanga. Konda alipomwona kaka wa tajiri alimpa kiti cha mbele na hakuuliza kitu. Nani atamdai nauli kaka wa tajiri? Na usipouliza nauli, safari utaiulizia wapi?

Wakasafiri na vumbi na mapazia yamefungwa, wakashuka Karema. Mbele yao Ziwa Tanganyika lote. Mzee Ngusa, ambaye kwao Meatu maji ni ya lambo la kunyweshea, alilitazama kwa muda, akamgeukia mvuvi mmoja.

"Hili lambo la nani?"

"La Mungu, mzee."

"Mkwe anayekaa kando ya lambo kama hili ana uwezo," akawaambia wenzake, wakaenda kuulizia kwa kina Selina.

Karema ni mahali pa misheni ya zamani, na kina Selina hawahesabiki. Walipelekwa kwa wa kwanza aliyepatikana. Walisalimiana vizuri, wakala samaki, wakaanza kueleza kilichowaleta, na jembe likatolewa kwenye kanga. Ndipo Selina alipotoka ndani. Alikuwa mjane, mwenye wajukuu. Alilitazama jembe, akasema yeye kwa upande wake hana kipingamizi.

Kule Inyonga, Mzee Matayo alikuwa amechinja mbuzi na kutengeneza pombe ya asali. Alikaa barazani tangu asubuhi akiangalia barabara. Likapita basi jeupe, akashuka mwalimu mmoja na godoro lake na mama aliyekuwa anaenda Sumbawanga na kuku. Mzee Matayo akawaita majirani wanywe pombe, akaingia ndani akafunga mlango. Habari zilipofika Mpanda, Masunga alikaa chini ya basi kama anatengeneza kitu. Nilimwona hana hata spana. Niliumia, maana mistari ile ilikuwa mikono yangu.

Tajiri alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akanichukua na mimi. "Wewe ndiye uliyepiga rangi," alisema. "Utaeleza." Njia nzima nilikuwa nikiandaa maelezo kuhusu usasa.

Mzee Matayo alitupokea amesimama, na hakutupa kigoda.

"Mmekuja na gari gani?"

"Nyota, mzee," tajiri akajibu.

"Nyota namjua. Nilimngojea siku nzima hapa hapa. Hakuja. Huyu mweupe simjui, na waliokuja naye siwajui."

"Tumekosa, mkwe. Tutaleta ng'ombe wa faini, na wa mahari wapo tayari."

"Ng'ombe?" Mzee Matayo akacheka bila furaha. "Nyie Wasukuma dawa yenu ya kila ugonjwa ni ng'ombe. Huku kuna mbung'o. Ng'ombe wako akifika, mwezi hauishi ni supu. Sitaki. Mtu akiniletea barua ya posa nataka nimwone sura. Mrudisheni Nyota na uso wake, aje na wazee, kabla sijaenda msituni kurina. Nikishaondoka, nimeondoka."

Nikayameza maelezo yangu ya usasa, tukarudi.

Kazi tuliianzia pale pale stendi, kwa sababu tajiri alitaka benchi lishuhudie. Tukapiga msasa mistari yote ya buluu, na Mzee Shabani akapuliza nyeusi mpaka basi likang'aa kama mkaa uliolowa maji. Ikabaki nyota. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Iliegemea kulia," Baba Oliva akasema. "Mimi nilikuwa nakaa upande huo."

"Ulikuwa unakaa unasinzia," Mama Tatu akamjibu. "Mwenye ng'ombe yupo, aulizwe."

Wote tukamgeukia Mzee Lubango. Yeye ndiye aliyemzalisha ng'ombe yule, akamnywesha, akamleta kwa miguu kutoka Meatu. Akaweka kiganja kwenye bati lile jeusi.

"Nilimuuza," alisema, "na sasa nimemsahau."

Nikafumba macho. Nikamwona yule jike anacheua, ananitazama kama mtu anayepoteza wakati wake.

"Kushoto," nikasema. "Mzee, mimi uliniajiri kwa hiyo."

Mzee Shabani akafungua kitambaa, akatoa brashi yake ya mkia.

Tulirudi Inyonga na Mzee Ngusa akiwa mbele, jembe mkononi, safari hii ameshikiliwa na watu wawili asije akashuka mahali pengine. Masunga alibaki tena nyumbani. Mzee Matayo alitoka, akatuacha tumesimama, akamwendea Nyota. Alimzunguka akipigapiga ubavu kwa kiganja. Akainama kutazama magurudumu, akasukuma moja kwa mguu. Akasema, "Fungua mdomo," tukafungua boneti, akachungulia ndani kwa makini kama anayehesabu meno. Dereva akagusa honi bahati mbaya, mzee akaruka nyuma.

"Mkali," alisema. "Vizuri."

Halafu akasimama mbele ya nyota, akaitazama, akageukia wazee wa Kikonongo waliokaa barazani.

"Huyu nimempokea. Ndiye ng'ombe wa kwanza wa mahari. Mbung'o hamuwezi."

Tulidhani anatania. Wazee wake wakapiga makofi, na makofi ya wazee si utani. Tajiri akaanza kueleza kwamba gari lina leseni, lina bima, lina abiria. Mzee Ngusa, ambaye tangu Karema hakuna aliyemwomba ushauri, akakohoa.

"Mdogo wangu, mbona jambo jepesi? Kwetu mtu hana malisho anampa mwenzake ng'ombe amtunzie. Maziwa ni ya mtunzaji, mnyama ni wa mwenyewe. Nauli kunywa wewe. Nyota ni wa mkwe."

Ikawa hivyo. Jembe likapokelewa, Selina akaolewa na Masunga, na Mzee Matayo akawa mtu pekee katika nchi hii ninayemjua aliyekuwa na basi bila kujua kuendesha. Alipanda bure, na alituma malalamiko kwa kila konda: "Mwambieni Lubango ng'ombe wangu anachechemea mguu wa nyuma." Tukikagua, kweli springi imekatika. Baba Oliva aliposikia alikasirika kwamba benchi limepata mjumbe ambaye hajapigiwa kura. Bibi na Kanga nao tuliwarudishia ngozi zao, na stendi ikarudi kwenye kelele zake za kawaida.

Nyota alitufaa mpaka mwishoni mwa muongo. Siku chesisi ilipokatika katikati, Mzee Shabani aligonga mara moja, akatega sikio, akaweka nyundo chini. Injini ikauzwa kwa mwenye mashine ya kusaga Kasokola, viti vikaenda kwenye basi jingine. Mimi niliona kazi imekwisha. Tajiri akasema bado.

"Mnyama wa watu akifia mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi. Usipopeleka, ataamini umemuuza."

Basi Mzee Shabani akakata bati la uso kwa tindo, polepole, bila kuigusa nyota. Nikalifuta, nikalipaka nta. Tulikwenda Inyonga mimi, tajiri, Masunga na Selina, na mjukuu wa Mzee Matayo mgongoni mwa mama yake. Mzee alikuwa amezeeka na macho yamepata ukungu. Alilipokea bati, akaliweka magotini, akafumba macho kabisa. Vidole vyake vikafuata ukingo wa lile doa, pale brashi ya mkia ilipoacha manyoya.

"Kushoto," alisema. "Ni yeye."

Nilitazama pembeni, maana sikutaka tajiri anione. Tajiri naye alikuwa ametazama pembeni.

Mzee Matayo akaacha kiganja juu ya bati. Kisha akainua kichwa.

"Na nyama?"

Mzee Lubango akajibu, "Moyo wake upo Kasokola, mkwe. Unasaga mahindi."

Mzee Matayo akaliegemeza bati ukutani.

"Basi niletee unga," alisema. "Siwezi kufiwa na ng'ombe nikalala njaa."